Somo: Kupunguza vidonge vya kumtuliza mzee, hatua kwa hatua

Somo hili ni la wanaotunza wazee, iwe kwenye makazi au nyumbani. Dar makazi ya wazee ni ya kuhesabika. Yanayojulikana zaidi ni ya serikali pale Nunge, Kigamboni, na wazee wengi wanatunzwa na binti, mkamwana au dada wa kazi. Nikisema "mlezi" nawataja wote hao.

Dawa ninazozungumzia ni zile zinazogusa akili na usingizi: haloperidoli, Largactil, risperidoni, olanzapini, diazepamu (wengi mnaiita valiamu) na amitriptilini. Zina wagonjwa wake na huwasaidia sana. Shida inaanza pale mzee mwenye dimensia (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na fahamu kidogo kidogo) anapopewa kwa sababu anapiga kelele usiku, halafu hakuna anayerudi kuuliza kama bado anaihitaji.

Hili limeshawatia wenzetu hasara kubwa. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa mpya za kundi la risperidoni na olanzapini zinaongeza vifo kwa wazee wenye dimensia. Mwaka 2008 onyo likazifikia na za zamani, haloperidoli ikiwemo. Uingereza nako, ripoti ya 2009 ilikadiria kwamba watu 180,000 wenye dimensia walikuwa wakipewa dawa hizi kwa mwaka, walionufaika hawazidi 36,000, na vifo vya ziada vilifika kama 1,800.

Kwa hiyo kila unaposhika kidonge jiulize: kinamtibu nani? Maana vipo vinavyomezwa na mzee ili mlezi apate usingizi.

ONYO KABLA YA YOTE: usiache dawa hizi ghafla. Diazepamu ikikatwa ghafla baada ya kutumika muda mrefu inaweza kuleta degedege. Na kama mzee ana kifafa, au amekuwa na ugonjwa wa akili tangu ujanani, usiguse dozi kabisa bila daktari wake.

Hatua ya 1: Mwaga vyote mezani
Vya hospitali, vya duka la dawa, alivyoletewa na mtoto wa Arusha, vilivyobaki alipolazwa. Kwa kila kimoja andika kwenye daftari nani alikiandika, lini na kwa sababu gani. Pale ambapo safu ya sababu itabaki tupu ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 2: Andika tabia, usiandike hukumu
"Msumbufu" haimsaidii daktari. Andika: "Saa 2 usiku anavuta mlango, anasema anakwenda Rufiji. Dakika 20. Alitulia baada ya chai." Fanya hivyo wiki nzima. Mara nyingi utaona saa ni zilezile, na kitu kilichotangulia ni kilekile.

Hatua ya 3: Tafuta kinachomsumbua
Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mzee aliyebadilika ndani ya siku mbili tatu, jana anaongea vizuri na leo anaweweseka, huyo ana ugonjwa mwilini mpaka ithibitike vingine. Apimwe malaria, mkojo, sukari, presha na oksijeni. Muulize choo alipata lini, kwani choo kigumu cha siku tano kinatosha kumvuruga. Maji pia: wazee wengi hawapunguzi maji kwa kusahau tu, wanajinyima makusudi wasimsumbue mtu kuwapeleka chooni, na kwa joto la Dar la Januari hilo ni hatari.

Kisha maumivu. Asiyeweza kusema "goti linaniuma" atakupiga unapomgeuza kumvalisha pampasi. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2011, uliofanyika kwenye nyumba 18 za wazee, ulionyesha kwamba kutibu maumivu kwa utaratibu, wengi wao kwa parasetamoli tu, kulipunguza fujo. Parasetamoli, jamani.

Mwisho chunguza dawa zenyewe. Haloperidoli inaweza kumfanya mtu asitulie kabisa, ainuke akae, ainuke akae. Mlezi anaona fujo imezidi, dozi inaongezwa. Misuli inakakamaa, mate yanatoka, hatua zinakuwa fupi. Anaongezewa benzeksoli ya kulegeza. Benzeksoli kwa mzee inaleta kuchanganyikiwa, choo kigumu na mkojo kuziba. Sasa haelewi hata yuko wapi, na familia inasema "ugonjwa umepanda". Hakuna kilichopanda isipokuwa vidonge.

Hatua ya 4: Rudi kwa daktari na daftari
Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, popote alipo na faili. Ulizia dirisha la wazee. Uliza maswali matatu tu: dawa hii ni ya dalili gani, tutajuaje kwamba imesaidia, na tutaipitia upya lini? Ukiambiwa "aendelee nayo tu", rudia lile la tatu, kwa adabu.

Hatua ya 5: Punguza taratibu
Daktari ndiye anayepanga. Kwa diazepamu, mpango unaotumika sana ni kupunguza robo ya dozi kila baada ya wiki mbili, na mwishoni polepole zaidi. Punguza moja kwa wakati mmoja, la sivyo hamtajua ipi imeleta nini. Usingizi ukivurugika siku chache, msikimbilie kurudisha. Akitetemeka sana, akiona vitu visivyopo au akipata degedege, hospitali mara moja.

Hatua ya 6: Badilisha mchana ili ubadilishe usiku
Akisinzia kitini kuanzia saa 4 asubuhi, usiku atalala na nini? Atolewe juani mapema, apewe kazi ya mikono, kuchambua mchele au kukunja kanga. Chai ya rangi isipite alasiri. Usiku awe na taa ndogo ya kumwonyesha choo. Na akisema anakwenda Rufiji, usibishane naye. Muulize mto umejaa mwaka huu? Tembea naye mpaka getini, mrudi.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Tabata: Shikamoo sista. Mama alianzishiwa haloperidoli alipolazwa na homa kali, alikuwa anaweweseka. Amepona, ila huu ni mwezi wa nne tunanunua kwa cheti kilekile. Tuache?

Jibu: Marahaba. Msiache leo, ila wiki hii mrudisheni. Kuweweseka kwa homa kunaisha, na dawa iliyoanzishwa kwa ajili hiyo ilitakiwa iwe na tarehe ya kuisha. Mwambieni daktari hivyohivyo ulivyoniandikia.

Kigamboni: Sista, tunaongea ukweli. Usiku tuko walezi wawili, wazee ishirini na kitu. Bila kidonge tutawezaje?

Jibu: Swali la haki, na sitakudanganya kwamba taa ndogo inajaza nafasi ya mtu. Upungufu wa walezi hautibiwi na diazepamu. Lakini hesabu na upande wa pili: kwa mzee diazepamu inakaa mwilini siku kadhaa, ya leo inaikuta ya jana. Anaamka saa 8 usiku kwenda haja ndogo, miguu haina nguvu, anaanguka, nyonga inavunjika. Huyo sasa anataka walezi wawili peke yake. Anzeni na wazee wawili tu, wale wanaosinzia mchana kutwa. Na daftari lenu la usiku mpelekeeni msimamizi, kwa sababu ndilo litakaloomba mlezi wa tatu kuliko malalamiko ya mdomo.

Mbagala: Babu mwenyewe hataki kuachishwa valiamu. Anaitumia tangu bibi afariki, na dukani anauziwa bila cheti.

Jibu: Hiyo ni dawa ya cheti, muuzaji anajua. Msimfiche babu, wala msimbadilishie kidonge kisirisiri, akigundua hatameza hata ya presha. Mweleze inavyohusiana na kuanguka, na daktari ampangie ngazi ndogo. Na mumpe nafasi ya kumzungumzia bibi. Inawezekana anachotibu usiku wote huu ni msiba.

Ubungo: Piriton nayo inahesabika? Mama anameza moja ili alale.

Jibu: Inahesabika, na promethazini, dawa nyingine ya mzio inayoleta usingizi, pia. Zote mbili zinamchanganya mzee na kumfungia choo. Iandike daftarini pamoja na nyingine.