Namna ya kutengeneza mfano wa bunduki ya mrao kwa ajili ya maonyesho

Bunduki ya mrao, yaani ile iliyowashwa baruti yake kwa utambi unaofuka moto, ndiyo silaha waliyobeba askari wa Kireno katika karne ya 16, na Waarabu wa Oman waliendelea kuitumia muda mrefu baada ya Ulaya kuiacha. Mfano unaoelezwa hapa ni wa kuonyesha mtambo ulivyofanya kazi, wala hauwezi kufyatua chochote, kwa kuwa sheria ya Kenya ya silaha za moto, Sura ya 114, haimruhusu mtu asiye na kibali kuunda bunduki. Kwa sababu hiyo kasiba, yaani mtutu, huchongwa kwa mti mzima: mdomoni hutobolewa kishimo kisichozidi kina cha sentimita 2, na kifa, yaani kisahani cha baruti ya kuwashia, huchongwa juujuu tu bila tundu la kupenya ndani.

Kwa tako na kasiba, mwembe hukubali patasi kwa wepesi. Mbambakofi hupendeza zaidi, ila huchosha mkono na kumaliza makali. Urefu wa sentimita 120 unatosha.

Kazi yenyewe imo katika mtambo. Usihangaike kutafuta mtambo wa kale, kwani ukipatikana ni mali ya kale inayostahili kupelekwa kwa wasimamizi wa makumbusho, mathalani katika Ngome ya Lamu, wala si kipuri cha kufungwa kwenye kazi mpya. Nenda kwa wauza vyuma chakavu ukachague sinia kuukuu la shaba kwa bamba la ubavuni, na bawaba nene ya shaba, ya milimita 3 hivi, kwa jogoo, yaani mkono unaoshika mrao.

Chora kwanza vipande vyote kwenye karatasi ngumu, uvishikize kwa pini, uone vinavyotembea. Jogoo hukatwa mfano wa herufi S; ncha yake ya juu hupasuliwa kwa msumeno ili iwe taya mbili za kubana mrao kwa skurubu ndogo. Nyuma ya bamba huwekwa wenzo unaozunguka kwenye pini iliyo karibu na katikati yake: ncha ya nyuma hushikana na kifyatulio, na ya mbele hushikana na mguu wa jogoo. Kifyatulio kikivutwa, jogoo humwinamia mpigaji na kuteremka polepole hadi kwenye kifa. Kikiachwa, kamani, yaani springi, humrudisha juu. Kipande chembamba cha msumeno wa chuma uliochakaa hufaa kwa kamani hiyo.

Kasoro inayojitokeza mara nyingi ni jogoo kuyumba na kuangukia kando ya kifa, nayo hutokana na tundu la pini kuwa pana. Toboa tundu jembamba kuliko pini, kisha ulipanue kidogo kidogo kwa tupa ya mviringo. Wenzo ukikwama, paka masizi ya chungu upande wa ndani wa bamba na uvute kifyatulio mara chache: masizi yatafutika pale penye msuguano, na hapo ndipo pa kupiga tupa, si kwingine.

Mrao uwe wa pamba iliyosokotwa, unene wa kidole kidogo, uliochovywa katika chai ya rangi ili ufanane na wa zamani. Usiutie shura, yaani chumvi ya kutengenezea baruti, wala usiuwashe. Ukiusafirisha mfano huo, ufunge ndani ya sanduku, maana askari wa gatini au abiria wa mashua hatajua kwa kuutazama kwamba kasiba ni mti mtupu.