Unayemsaidia profesa, mwone mkutubi

Makatibu muhtasi na wasaidizi wa utafiti, acheni kuazimana nywila ya profesa. Mwombe mkutubi akusajili uazime vitabu kwa niaba ya profesa. Nenda na barua ya profesa mkononi.

Makala ikigoma kufunguka mtandaoni, usikimbilie kulipia. Tafuta DOI, namba ya kuitambulisha makala, inayoanza na 10; mara nyingi iko kwenye ukurasa wenye kichwa cha makala. Mtumie mkutubi namba hiyo pamoja na jina la jarida na mwaka. Kumwandikia tu "natafuta makala ya malaria" ni kumtesa bure! Muulize pia kuhusu Research4Life, mpango ulioanza 2002 na unaozipa taasisi za nchi kama Tanzania na Uganda majarida bure au kwa bei nafuu.