Hesabu Mafuta kwa Lita: Mwongozo wa Kupunguza Safari za Gari Mombasa

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei za mafuta zitakazotumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Bei ikipanda, simu yangu hapa gerejini Bombolulu haitulii, na wengi huuliza swali moja: je, kuna kifaa cha kufungwa kwenye injini, au dawa ya kutiwa kwenye tangi, ili gari linywe kidogo? Nimekuwa fundi kwa miaka mingi na sijaona dawa iliyofanya kazi hiyo. Nilichokiona kikifanya kazi, kwangu na kwa wateja wangu, ni daftari la shilingi chache na uvumilivu wa wiki tatu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulitumia.

Nilianza mwenyewe Septemba 2023, lita ya petroli ilipovuka shilingi 200. Kabla ya hapo nilikuwa nikijifariji kwamba Mombasa ni afadhali, kwa kuwa meli za mafuta hushusha hapa hapa Kipevu, na bei yetu huwa chini kidogo ya ile ya Nairobi kwa sababu haibebi gharama ya safari ndefu ya bomba. Ni kweli, lakini tofauti hiyo ni ya shilingi chache tu. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na ushuru wa matengenezo ya barabara ulipotoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024, sisi wa pwani tulilipa kama wenzetu wa bara. Bei ya soko la dunia na kodi hatuna uwezo nazo. Idadi ya kilomita tunazoendesha tunayo.

Hatua ya kwanza: acha kununua mafuta kwa pesa

Wengi wetu tukifika kituoni husema, "Nitilie ya elfu moja." Hapo ndipo hasara inapojificha. Lita ikiwa shilingi 150, elfu moja inakupa zaidi ya lita sita na nusu. Ikiwa shilingi 200, inakupa lita tano kamili. Mkononi umetoa noti ile ile, machoni hakuna kilichobadilika, ila kwenye tangi umepoteza zaidi ya lita moja na nusu, na siku mbili baadaye unalaumu injini. Kuanzia leo, kila unapotia mafuta andika lita zilizoingia na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Pesa ziandike pia, lakini lita ndizo msingi wa hesabu.

Hatua ya pili: pima gari lako linakula kiasi gani

Jaza tangi hadi bomba la pampu lijikate lenyewe, kisha usiongeze hata tone. Kabla ya kujaza, hakikisha pampu imeanza kwenye sifuri. Andika kilomita. Endesha kama kawaida yako, bila kujitahidi kuwa mwema kwa sababu unapimwa, mpaka tangi lishuke chini ya nusu. Rudi kituo kile kile, ikiwezekana pampu ile ile, ujaze tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia mara hii ya pili ndizo ulizotumia tangu ujaze mara ya kwanza.

Kwa gari langu, Probox ya injini ya 1500, dashibodi ilisoma 148,320 mara ya kwanza na 148,632 mara ya pili, maana yake kilomita 312, na zikaingia lita 28.4. Gawanya 312 kwa 28.4 upate karibu kilomita 11 kwa lita. Kipimo kimoja kinaweza kudanganya, kwani pengine siku hiyo gari lilisimama pasipo usawa au pampu ilijikata mapema, kwa hivyo rudia mara tatu ndipo uamini. Mshale wa mafuta usiufanyie hesabu hata kidogo; magari mengi mshale hukawia kwenye robo tatu, kisha huporomoka.

Najua si kila mtu ana pesa za kujaza tangi kwa mara moja. Ikiwa huna, andika kila lita unayotia kwa mwezi mzima, ukianzia taa ya mafuta inapowaka na kumalizia taa hiyo inapowaka tena mwishoni mwa mwezi. Kipimo hiki si makini kama cha kwanza, lakini kwa kuwa kinabeba kilomita nyingi, kosa lake linakuwa dogo.

Sasa gawanya bei ya lita kwa kilomita ulizopata kwa kila lita. Tuseme lita ni shilingi 180 na gari linakwenda kilomita 11: kila kilomita inakugharimu shilingi 16 na zaidi kidogo. Andika namba hiyo kwenye kikaratasi ukibandike karibu na usukani. Kutoka kwangu Bamburi hadi Marikiti, sokoni mjini, ni kilomita 12 kwa dashibodi yangu, kwa hivyo kwenda na kurudi ni kama shilingi 390 za petroli tu, kabla ya maegesho na kabla ya kuchakaa kwa tairi. Linganisha na nauli ya matatu siku hiyo, kwa mtu mmoja, kisha kwa watu wanne. Utaona kwamba jibu si moja: mtu peke yake mara nyingi apande matatu, na familia ya watu wanne pengine gari ndilo nafuu.

Hatua ya tatu: andika kila safari kwa wiki tatu

Hii ndiyo hatua ambayo wateja huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Weka daftari ndani ya gari na kalamu iliyofungwa kwa uzi, kwa sababu kalamu isiyofungwa haimalizi siku mbili. Kila safari iwe na mstari wake: tarehe, umetoka wapi na kwenda wapi, kilomita ngapi, shughuli gani, na mwisho swali moja, "Je, ingeweza kusubiri?" Jibu swali hilo jioni, si wakati wa safari, maana ukiwa na haraka kila safari ni ya lazima.

Daftari langu lilinionyesha nilichokuwa nakifanya bila kujua. Katika wiki tatu nilivuka Daraja la Nyali mara 14 kwenda mjini kununua vipuri, na mara tisa kati ya hizo nilikwenda kuleta kitu kimoja tu. Mstari mmoja ninaukumbuka vizuri: Jumatano, saa nne na dakika arobaini, Bombolulu hadi mjini na kurudi, kilomita 13, sili moja (mpira wa kuzuia uvujaji) ya shilingi 250. Kwa hesabu ya shilingi 16 kwa kilomita, petroli ya kuifuata sili hiyo ilizidi shilingi 200. Mteja nilimtoza bei ya sili, na petroli nikailipa mimi mfukoni. Nilisoma mstari huo mara mbili, kisha nikamwonyesha mke wangu.

Hatua ya nne: futa, unganisha, au acha gari

Chukua daftari na kalamu nyekundu. Safari ambazo simu ingetosha, zifute. Sasa mimi hupiga simu dukani, natuma picha ya kipuri cha zamani ili wasikosee, nalipa kwa M-Pesa, na kipuri kinaletwa na boda au kinakuja na kondakta wa matatu ninayemfahamu. Vikiwa viwili au vitatu, nasubiri vije pamoja. Mteja anaambiwa ukweli tangu asubuhi kwamba gari litakuwa tayari alasiri, na sijaona aliyekasirika kwa kuambiwa mapema.

Safari za upande mmoja ziunganishe. Anayetoka Kisauni kwenda kazini mjini anapita karibu na soko la Kongowea kila siku. Hana sababu ya kurudi Jumamosi kwa gari kununua mboga. Katika mwezi wa Ramadhani jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu saa ya mwisho kabla ya magharibi kila mtu yuko barabarani akikimbilia futari, na robo saa ya mwendo inakuwa saa nzima. Nunua vitu vya futari asubuhi, na jioni gari likae nyumbani.

Likoni ina hesabu yake. Mwenda kwa miguu huvuka kivuko bila malipo, ilhali gari hulipa na bado husubiri. Ikiwa shughuli yako iko karibu na kivuko ng'ambo ya pili, acha gari upande huu mahali salama, vuka kwa miguu, kisha chukua tuktuk. Barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka bila kupita kivukoni, inamfaa sana anayetoka Miritini au Changamwe kwenda Ukunda, lakini anayetoka Ganjoni kwenda Likoni akizunguka huko kukwepa foleni atakuwa amenunua muda kwa kilomita nyingi. Piga hesabu ya shilingi zako kwa kilomita kabla ya kukata kona.

Safari za shule ndizo rahisi kugawana. Mama mmoja wa Kiembeni, mteja wangu wa miaka mingi, alikubaliana na jirani zake wawili kwamba kila mmoja apeleke watoto wote kwa wiki moja, kwa zamu. Walipatana mambo matatu kabla ya kuanza: saa ya kuondoka ambayo haisubiri mtu, kila mtoto afungwe mkanda wake, na anayeshindwa zamu yake atafute wa kubadilishana naye yeye mwenyewe. Hakuna pesa zinazopita mkononi, na nadhani ndiyo maana mpango wao umedumu. Kila mmoja sasa huendesha wiki moja katika tatu.

Ukiwa na mgonjwa, mtoto mchanga, au safari ya usiku mahali usipopaamini, chukua gari lako bila kusitasita. Lita unazookoa kwingine ni kwa ajili ya safari kama hizo.

Hatua ya tano: lifanye gari liwe jepesi

Anza na upepo wa tairi. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kila baada ya wiki mbili. Tairi laini huifanya injini ivute kama mtu anayetembea kwenye mchanga wa ufuoni.

Jambo la pili ni la sisi watu wa pwani zaidi. Hewa ya chumvi hutia kutu kwenye breki, pistoni zake zikakwama, na breki zikawa zinakaba kidogo hata mguu ukiwa umeondoka. Dereva hasikii chochote ila mafuta kuisha. Kujua, endesha kama kilomita tano bila kufunga breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, kwani inaweza kukuunguza. Gurudumu moja likitoa joto kuliko mengine, mwambie fundi alifungue. Nimekuta hali hii kwenye magari mengi ambayo wenyewe walikuwa tayari kununua injini nyingine.

Chujio la hewa lililoziba na plagi zilizochoka vibadilishwe kwa wakati. Toa mizigo kwenye buti, na keria ya juu isiyotumika ifunguliwe. Kuhusu kiyoyozi, siwezi kumwambia mtu wa Mombasa akizime mwezi wa Februari. Egesha chini ya mwarobaini, fungua vioo dakika moja hewa ya moto itoke, ndipo ukiwashe.

Hatua ya sita: mguu

Ondoka taratibu, tazama mbali, na ondoa mguu mapema unapoona magari yamesimama mbele. Usitie gia huru kwenye mteremko ukidhani unaokoa: injini za kisasa hukata mafuta zenyewe ukiondoa mguu gari likiwa ndani ya gia, ilhali kwenye gia huru huendelea kunywa, na udhibiti wa gari unapungua. Kwenye foleni ya kivuko zima injini, kwani injini ndogo inayonguruma gari likiwa limesimama hutumia kama nusu lita hadi lita nzima kwa saa.

Kila tarehe 14

Bei mpya ikitangazwa, usikimbilie kujaza madumu uyaweke nyumbani. Mvuke wa petroli hutambaa chini hadi kwenye jiko na kurudi na moto, na akiba ya shilingi chache kwa lita hailingani na nyumba yenye watoto. Badala yake kaa na daftari kwa dakika kumi: gawanya bei mpya kwa kilomita zako kwa lita, badilisha kikaratasi cha usukani, na jumlisha lita za mwezi uliopita. Kama lita zimeongezeka na kilomita zimeongezeka, rudi hatua ya nne. Kama kilomita ni zile zile na lita zimeongezeka, tatizo liko kwenye gari. Pima upepo wa tairi na joto la rimu kabla ya kumpigia fundi simu, umweleze ulichokikuta.