Saratani ya utumbo mpana: kabla hujapimwa ughaibuni, piga simu Nairobi

Daktari wako wa ughaibuni atakuuliza kama kuna mtu wa familia aliyeugua saratani ya utumbo mpana. Wengi wetu hujibu hapana, kwa kuwa tulichoambiwa ni kwamba baba alisumbuliwa na tumbo. Jibu hilo laweza kukuchelewesha miaka. Marekani, asiye na historia hiyo huanza kupimwa akiwa na miaka 45. Ikiwa mzazi, kaka au dada yako wa damu aliugua, mara nyingi utaambiwa uanze ukiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogunduliwa nao, chochote kitakachotangulia. Mama aligunduliwa akiwa na 46? Wewe anza ukiwa na 36.

Basi ulizia nyumbani, na kwa adabu. Mambo ya choo mzazi hayasemi mbele ya watu. Pengine shangazi au dada mkubwa ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki. Uliza umri wa mgonjwa alipogunduliwa, na ripoti ya maabara ya kinyama kilichokatwa utumboni. Wakiipata, waipige picha wakutumie kwa WhatsApp.

Kipimo cha kinyesi unajifanyia nyumbani: England hutumwa kwa posta kila miaka miwili kwa wenye miaka 50 hadi 74. Kipimo kikionyesha damu, si lazima iwe saratani, ila usiikwepe kolonoskopi, yaani kuangaliwa utumbo kwa kamera nyembamba inayopitishwa njia ya haja kubwa. Humo daktari huona vinyama, yaani vivimbe vidogo vya utumboni, na kuvitoa papo hapo, kabla havijageuka saratani, jambo ambalo kwa kawaida huchukua miaka mingi. Kazi ni maandalizi: siku chache bila githeri, sukuma wiki wala mbegu, kisha dawa ya kuharisha, na hiyo uinywe yote. Tafuta mtu wa kukurudisha nyumbani, maana mara nyingi utapewa dawa ya usingizi.

Mzazi aliyeko Nairobi akitokwa na damu chooni, akikonda au akiishiwa damu, usimtumie kipimo cha kinyesi. Huyo ana dalili; amwone daktari sasa, na kolonoskopi izungumzwe. Tafadhali msiridhike na dawa za amiba au bawasiri zinazorudiwa kila mwezi bila utumbo kuangaliwa. Hospitali za Kenyatta na Aga Khan hufanya kolonoskopi. Kabla ya kutuma pesa, uliza kama bei inajumuisha kukata kinyama na gharama za maabara, na SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, italipa kiasi gani. Majibu yakitoka, omba nakala yako umpelekee daktari wako pia.