Muvi za muziki za enzi za mababu, namna ya kuanza bila kusinzia

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu analifanya, na mimi nililifanya, ni kuanza na ile yenye jina kubwa. Unasikia The Jazz Singer ya 1927 ndo iliyofungua mlango wa muvi za sauti, unaishusha na bando la usiku, unakaa mkao wa kula, kumbe sehemu kubwa ni kimya na maandishi tu, Al Jolson anaimba nyimbo chache halafu anatokea kajipaka rangi nyeusi usoni anajifanya mtu mweusi. Nilifunga laptopu nikalala. Mwaka mzima sikugusa tena muvi ya zamani.

Sasa fanya hivi, anza na zile fupi. Kuna mbili za 1929, zote kaongoza Dudley Murphy, Black and Tan yupo mpiga piano wa jazi Duke Ellington na bendi yake, na St. Louis Blues yupo mwimbaji Bessie Smith, na hiyo ndo muvi pekee aliyocheza maisha yake yote. Hata dakika 20 hazifiki kila moja. Muvi za Marekani za 1929 ziliacha kuwa na hakimiliki kule kwao tangu 1 Januari 2025 kwa hiyo zipo wazi mtandaoni, huhitaji kuzunguka Kariakoo kutafuta mtu wa kukuchomea.

Hiyo ya Bessie niliiweka sebuleni siku shangazi kaja kutoka Temeke, yeye ni mtu wa taarabu haswa na kizungu hajui, nikajua atachoka baada ya dakika mbili. Alikuwa anachambua mchele. Bessie kasimama ameegemea kaunta ya baa, glasi mkononi, anaimba taratibu na watu wa kwenye meza wanamwitikia, shangazi akaacha ungo, akasema "huyu kaachwa". Basi mwanaume akarudi, anamkumbatia wanacheza, shangazi anapiga kelele "usimpokee mwanangu, huyo kafuata hela!" na kweli bwana, jamaa akamchomolea pesa zake akamsukuma akaondoka. Hapo hakuna mtafsiri wala nini.

Ukishazoea sauti za zamani ndo uende kwenye zile ndefu za mchanganyiko, Hollywood Revue ya 1929 na King of Jazz ya 1930. Hapa wengi wanakwama kwa sababu wanatafuta stori, na stori haipo. We chukulia kama unaenda kwenye shoo ya vikundi vya sanaa kama Muungano au TOT miaka ya 90, inapigwa ngoma, inakuja taarabu, kichekesho, sarakasi, igizo, na kipande usichokipenda unatoka unaenda kununua soda. Hivyo hivyo. Usiangalie zote kwa mkupuo, angalia vipande vitatu vinne kwa usiku, visivyokuvutia ruka, hakuna atakayekudai. Kwenye hiyo Hollywood Revue wamo wachekeshaji Buster Keaton na Laurel and Hardy, na wimbo wa Singin' in the Rain umo humo, miaka mingi kabla ya ile muvi maarufu ya 1952.

Utaona kamera imeganda kama imepigiliwa msumari, usiwacheke, kamera za wakati ule zilikuwa na kelele kwa hiyo walikuwa wanaifungia kwenye kibanda pamoja na mpiga picha mwenyewe ili maiki isidake ule mlio, sasa utaizungusha vipi.

King of Jazz tafuta ile iliyosafishwa 2016, tofauti ni kubwa mno. Rangi za wakati huo zilikuwa mbili tu, nyekundu na kijani, bluu ilikuwa haitoki, na wao wanapiga muziki unaoitwa Rhapsody in Blue, yaani jina lenyewe lina bluu! Wakahangaika mpaka ikatoka rangi fulani kama maji ya bahari, na bendi nzima imekaa ndani ya piano kubwa kama nyumba. Ila mwisho wake unaudhi, wanaonyesha mataifa ya Ulaya yanamiminwa kwenye chungu kimoja ndo inatoka jazi, mtu mweusi hayupo kabisa kwenye hicho chungu. Iangalie ukijua hilo.

Suala la sauti, zima besi. Narudia, zima besi, sabufa yako hiyo inaharibu kila kitu kwa sababu rekodi za miaka ile hazina besi ya maana, utasikia muungurumo tu, bora hedifoni za kawaida.

Baada ya hapo nenda 42nd Street ya 1933, dansi zake kapanga Busby Berkeley ambaye jeshini alikuwa anapanga gwaride, na ukiona wale wasichana wamepigwa picha kutoka juu wanafunguka kama ua utasema hii si halaiki ya Uwanja wa Uhuru hii? Halafu rukia 1943, Stormy Weather, hata kama huna muda nenda mwishoni kwa Nicholas Brothers, ndugu wawili wacheza dansi, wanashuka ngazi kwa kurukiana vichwa na kutua msamba, kila ngazi. Nimeirudia sijui mara ngapi.

Za India kuwa makini, mtu akikwambia anayo Alam Ara ya 1931, muvi yao ya kwanza ya sauti, anakudanganya, hakuna kopi iliyobaki duniani, zimebaki picha tu.

Kwa wapenzi wa taarabu, tafuta za Misri, Warda Baydha ya Mohammed Abdel Wahab ya 1933 na Widad ya 1936 ambayo ndo ya kwanza ya Umm Kulthum. Shangazi alipomwona Abdel Wahab alishangaa, "mbona kijana hivi?" maana yeye sauti kaisikia tangu utotoni na sura hakuwahi kuiona. Kaniletea flashi nimuwekee zote mbili, na kasema ile ya mwanaume mwizi nisiiweke.