Trekta ndogo yenye loda: usianze kazi kabla hujaning'iniza uzito nyuma

Kama una trekta ndogo, hizi za HP 25 mpaka 40, na mbele imefungwa loda (ile mikono yenye kijiko cha kubebea mzigo), fanya jaribio moja kabla ya kazi. Simama sehemu tambarare kabisa, mikono ya nyuma, ile ya kufungia plau, ikiwa haina kitu, jaza kijiko mchanga mbichi, nyanyua usizidi kimo cha goti, halafu mwambie mtu asimame pembeni kwa mbali aangalie tairi za nyuma pale zinapogusa ardhi. Tairi yenye mzigo inakuwa na katumbo pale chini, imebonyea. Kijiko kikipanda katumbo kanaondoka, tairi inasimama duara kama iko dukani. Hiyo ndiyo inakuambia nyuma hakuna kitu, na wewe unakaribia kuingia mteremkoni na hiyo mashine.

Mimi nilijifunza kwa kuogopa. Huku kwetu Njombe shamba tambarare ni bahati, na mwaka wa kwanza wa loda nilikuwa nahamisha samadi mbichi kutoka bandani kushuka kwenye miche ya parachichi, nyuma sijafunga chochote, fo-wili (injini kuvuta magurudumu yote manne) nimeacha kwa sababu leva yake ilikuwa ngumu nikawa mvivu kuivuta. Katikati ya mteremko nikakanyaga breki, tairi za nyuma zikafunga kweli, hazizunguki, lakini trekta inateleza tu juu ya majani mabichi kama godoro kwenye sakafu yenye maji. Kilichoniokoa ni kushusha kijiko mpaka kikachimba ardhi. Nilikaa pale juu dakika kumi sijashuka, miguu haina nguvu.

Sababu ni hii, na wauzaji wengi hawaisemi: trekta nyingi ndogo breki ziko kwenye ekseli ya nyuma tu, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma. Nyuma ikiwa nyepesi huna breki, hata kama pedali ni nzima na umeirekebisha jana. Ukiweka fo-wili, magurudumu ya mbele yanaunganishwa na ya nyuma kupitia giya, kwa hiyo na ya mbele yanasaidia kushika. Kwa hiyo kazi ya loda kwenye mteremko ni fo-wili kwenda na kurudi, hiyo hata usijadili na mtu.

Sasa hesabu yenyewe. Umewahi kuona mtu amebeba maji kwa mzegazega, ndoo mbele ndoo nyuma? Mtoe ndoo ya nyuma uone atakavyoinama na kushikilia mti kwa mikono miwili. Kwenye trekta bega ni ekseli ya mbele. Tuseme kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni mita 1.6, na mzigo kwenye kijiko uko mita 1.6 mbele ya ekseli ya mbele. Ukibeba kilo 400, ekseli ya nyuma inapoteza kilo 400 na ya mbele inaongezeka kilo 800. Siyo 400, ni 800, kwa sababu inabeba mzigo wenyewe pamoja na uzito iliyoupokea kutoka nyuma. Ndiyo maana usukani unakuwa mgumu, ndiyo maana sili za oili za mbele zinavuja mapema, na ukiwa kwenye fo-wili nyuma inaelea, nguvu yote ya injini inapita kwenye vigiya vya mbele ambavyo ni vidogo. Vikivunjika hapo utatafuta spea mpaka uchoke.

Ning'iniza kilo 300 kwenye mikono ya nyuma, katikati ya huo uzito iwe sentimita 80 nyuma ya ekseli ya nyuma. Nyuma inaongezeka kilo 450, na mbele inapungua kilo 150. Yaani jiwe (mimi naliita jiwe, kama mawe ya mizani) linakandamiza nyuma na wakati huohuo linainyanyua mbele kidogo. Hapo ndipo watu wanachanganya na maji yanayojazwa ndani ya tairi za nyuma. Maji ni mazuri, yanaongeza uzito chini kabisa na trekta inatulia, lakini yamekaa kwenye ekseli yenyewe, hayako nyuma yake, kwa hiyo ekseli ya mbele haipunguziwi hata kilo moja. Ukiweza weka vyote viwili. Kama ni kuchagua kimoja kwa ajili ya loda, mimi nachagua jiwe na sibadilishi mawazo.

Na kuna la kuanguka ubavu, hili ndilo linaua. Ekseli ya mbele ya trekta imeshikwa na pini moja katikati, inabembea kufuata mashimo. Kinachokuzuia usilale ubavu ni tairi mbili za nyuma kuwa chini. Nyuma ikinyanyuka hata kidogo, umekaa juu ya pini moja, na gurudumu moja likipanda jiwe au kichuguu mwili wa trekta unalala upande mpaka ekseli igonge kizuizi chake, na kama kijiko kiko juu hakuna muda wa kufikiria. Ukihisi makalio yanakuwa mepesi na kiti kinapanda, usikate kona, usikanyage breki kwa nguvu, shusha kijiko taratibu, basi.

Uweke kilo ngapi? Kama kitabu cha loda kipo, fuata kitabu. Tatizo hizi trekta used za Japani zinakuja kitabu Kijapani au hakuna kabisa, na loda nyingine imechomelewa na fundi hapahapa. Kwa HP 25 mpaka 30 mimi naanza na kilo 250 mpaka 350 halafu narudia lile jaribio la katumbo la tairi kwa mzigo mzito kabisa ninaobebaga. Ila usizidishe uwezo wa mikono ya nyuma, na hapo soma vizuri, maana kuna watengenezaji wanaandika uwezo kwenye ncha za mikono na wengine wanaandika sentimita 61 nyuma ya ncha, na namba ya pili huwa ndogo zaidi. Jiwe likiwa nene kwenda nyuma, fuata ile ndogo.

Kutengeneza ni rahisi. Pipa la chuma la lita 200 kipenyo chake ni kama sentimita 58. Likate libaki kimo cha sentimita 50, ukijaza zege kwa kimo hicho unapata karibu kilo 300, na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha na unabaki, kwa mchanganyiko wa moja mbili nne (saruji, mchanga, kokoto). Kama una vyuma chakavu, diski zilizokwisha za plau, gia mbovu, tupia chini kabisa kabla ya zege, chuma ni kizito mara tatu ya zege kwa nafasi ileile.

Kwenye kufunga ndipo pa kuwa makini. Mfumo wa kawaida wa trekta ndogo, kategori 1, pini za chini ni milimita 22, ya juu 19, pini mbili za chini zinaachana kama sentimita 68, na ya juu inakaa sentimita 46 juu yake. Lakini Wajapani wana vipimo vyao kwenye trekta ndogo sana, kwa hiyo pima ya kwako kwa tepu kabla hujatoboa kitu. Tafuta shafti ya chuma kigumu, nene kama milimita 35, urefu kama sentimita 82, mpe fundi mwenye mashine ya kuchongea aichonge ncha mbili ziwe milimita 22 na atoboe tundu la kipini cha kufungia. Nondo ya ujenzi usiweke kama shafti, inapinda, nimeona. Toboa pipa pande mbili, kimo cha sentimita 12 kutoka chini, na usipitishe katikati ya pipa, isogeze kama sentimita 10 upande wa trekta. Faida mbili: pipa linakaa mbali na shafti ya PTO (ile inayozunguka kuendesha mashine za nyuma), na uzito unaenda nyuma zaidi. Juu yake simamisha bapa mbili nene zilizochomelewa kwenye hiyo shafti, zitokeze juu ya zege, na tundu la milimita 19 kwa ajili ya toplinki, ule mkono wa juu wa kufungia. Suka nondo kidogo ndani izunguke shafti ndipo umwage.

Kabla zege halijakauka chomeka vipande viwili vya bomba la plastiki la inchi 2 wima. Utanishukuru, humo unasimamisha koleo, mtarimbo, reki, vitu ambavyo siku zote vimesahaulika nyumbani. Chini ya pipa chomelea vyuma viwili vya pembe kama miguu ili lisimame wima lenyewe, vinginevyo kila ukitaka kulifunga utahangaika nalo kama ng'ombe aliyelala. Mwagilia wiki nzima, liache wiki mbili tatu ndipo ulinyanyue. Najua utakuwa na haraka. Liache.

Kama leo huna pipa, slasha (ya kufyekea majani) au rotaveta (ya kutifulia udongo) inaweza kuwa uzito, mimi nimefanya sana. Ila pima kama ni nzito kweli, na kumbuka slasha ni ndefu, wewe macho yako yako kwenye kijiko, mkia unafagia nyuma. Nguzo ya banda la kuku wangu imeinama mpaka leo kwa sababu hiyo. Na kitu kimoja niseme wazi kwa sababu nakiona kila msimu: usimpandishe kijana nyuma kwenye mikono eti awe uzito. Kijana wa kilo 60 hasaidii cha maana kwenye hesabu hapo juu, na akiteleza anaangukia kwenye tairi.

Ukishafunga, kaza minyororo ya pembeni ya mikono jiwe lisicheze kushoto kulia. Libebe chini, kama shibiri moja na nusu kutoka ardhini. Kijiko kikiwa na mzigo nacho chini, uone mbele vizuri, kinyanyue ukishafika pa kumwaga na trekta imesimama imenyooka. Kupanda mlima na mzigo nenda mbele, kushuka shuka kinyumenyume, mzigo ubaki upande wa juu. Ndiyo, shingo inauma. Roli baa (fremu ya chuma inayokulinda trekta ikipinduka) iwe imesimama na mkanda umefungwa, na kama roli baa umeilaza kupita chini ya miti basi usifunge mkanda mpaka uisimamishe tena, na usiingie mteremkoni hivyo.

Angalia na kilichomo kwenye kijiko. Kijiko kile cha robo mita ya ujazo, mchanga uliolowa ni kama kilo 475, samadi mbichi labda 200 na kidogo. Kijiko kilekile, macho yanaona kimejaa sawasawa. Mwenye mchanga ajaze nusu. Na ukitoa kijiko ukaweka uma za kubebea paleti za kreti, mzigo umesogea mbele zaidi, kwa hiyo uwezo wako umepungua hata kama kilo ni zilezile. Haidroliki kunyanyua siyo ruhusa, haidroliki haijui kama nyuma inaelea.

Kuna upande mwingine wa jiwe ambao huniuma roho nikiona watu wanausahau. Ukishamwaga, kijiko kitupu, jiwe bado liko nyuma, ukapanda mlima mkali, sasa mbele ndiyo nyepesi. Usukani unalainika, haushiki, na ukiachia klachi ghafla trekta inainua pua. Njia ya mlima ukiwa mtupu panda kwa kurudi nyuma kama inawezekana, au zunguka pasipo mkali, giya ndogo, klachi polepole, kijiko chini. Na kamba au mnyororo wa kuvuta gogo usiufunge kamwe kwenye toplinki wala juu ya jiwe, funga kwenye drobaa, kile chuma cha kuvutia kilicho chini nyuma. Kuvutia juu kunapindua trekta kwa nyuma haraka kuliko unavyoweza kutoa mguu.

Tairi za mbele zipige presha kila wiki, kwa namba ya kitabu bila kuzidi ile iliyoandikwa ubavuni, siyo kwa kupiga teke. Maji kwenye za nyuma, kama utaweka: nyanyua gurudumu kwa jeki, valvu iwe juu kabisa, jaza mpaka maji yaanze kutoka kwenye valvu, hapo ni kama asilimia 75, inayobaki ni hewa. Tumia tyubu, maji yakigusa rimu moja kwa moja yanaila kwa kutu. Wenzetu wa nchi za baridi wanaweka chumvi maalumu isigande, sisi hatuna haja hiyo, hata kule Makete kwenye baridi yake.

Jioni shusha kijiko mpaka ardhini, shusha na jiwe mpaka ardhini, zima. Siku unataka kulifungua ili ufunge plau, lifungulie kwenye sakafu ya zege au ardhi ngumu tambarare, toa toplinki kwanza kisha pini za chini, na weka ubao chini ya miguu ya pipa kama mvua inanyesha. Langu mwaka jana liliachwa kwenye udongo laini masika yote, lilizama mpaka pini hazifikiki, tukalichimba kwa majembe watu watatu.