Umri wa pensheni kwa mwanamke na mwanaume: namna ya kuandika maoni yenye uzito

Serikali ikiomba maoni juu ya kusawazisha umri wa pensheni, barua nyingi za sendika (vyama vya wafanyakazi) na vyama vya akina mama hapa Lubumbashi huishia kusema "tunakubali" au "tunakataa". Hiyo haitoshi, maana usawa una njia zaidi ya moja. Mfumo wa Kongo wa 1961 ulimpa mwanaume miaka 65 na mwanamke 60. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ikaweka 60 kwa wote: mwanaume akashushiwa. Uingereza ilikwenda kinyume, sheria yao ya 1995 ikampandisha mwanamke kutoka 60 hadi 65. Kwa hiyo mkutano ukubaliane kwanza juu ya tarakimu: umri gani, kwa waliozaliwa kuanzia mwaka gani, kwa hatua zipi.

Andikeni kwenye daftari mwaka wa kuzaliwa wa kila mwanachama, kisha mpige hesabu. Tuseme pendekezo ni 62, kwa kuongeza miezi 6 kila mwaka wa kuzaliwa. Kundi la kwanza linaondoka na miaka 60 na nusu, la pili 61, la tatu 61 na nusu, la nne 62. Jedwali hilo liambatanishwe na barua, kwa sababu linaonyesha nani anaumia na kwa miezi mingapi. Wapo ambao karatasi zao zina mwaka tu, bila siku wala mwezi. Ombeni sheria yenyewe itamke watahesabiwaje, la sivyo kila ofisi itaamua inavyotaka.

Daini pia notisi. Uingereza sheria ilipita 1995, lakini barua za kumjulisha kila mwanamke zilianza kutumwa 2009; malalamiko yao hayajaisha hadi leo. Andikeni muda kamili, kwa mfano miaka 5 kabla, na barua kwa jina la mtu. Tangazo la redio peke yake halitoshi.

Sasa miezi ya michango, ambayo kwa maoni yetu ni nzito kuliko umri. Pensheni ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inataka miezi 180 ya michango. Mchango wa tawi la pensheni ni asilimia 10 ya mshahara, 5 za mwajiri na 5 za mfanyakazi. Mama aliyeacha kazi mara mbili kulea watoto anaweza kufika 60 akiwa na miezi 150, na hapo kusawazisha umri hakumsaidii kitu. Basi barua iombe miezi ya uzazi na malezi ihesabiwe. Kila mmoja alinganishe karatasi zake za mshahara na michango iliyoandikwa CNSS. Pesa kukatwa kwenye mshahara si uthibitisho kwamba imefika kule, na pengo la namna hiyo ni rahisi kufuatilia mwajiri akiwa bado yupo kuliko baada ya kampuni kufungwa.

Jadilini kwa Kiswahili, kila mtu aelewe anachosaini, kisha barua iandikwe kwa Kifaransa, lugha rasmi. Kurasa 2 zinatosha, jedwali likiwa pembeni. Kila saini iwe na jina kamili na namba ya kadi ya mpiga kura. Orodha ya saini tupu ni rahisi kuitupa.

Hata pasipo mwito wa maoni mnaweza kuandika: kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au kwa pamoja, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Pelekeni nakala 2 kwenye wizara ya Kazi, moja ibaki kwao, nyingine irudi na muhuri, tarehe na saini ya mpokeaji. Bila hiyo akize (uthibitisho wa kupokelewa), miezi 3 haina pa kuanzia kuhesabiwa. Nakala nyingine mpeni mbunge wenu, kwa sababu umri ukibadilika utabadilishwa kwa sheria, na sheria inapigiwa kura bungeni.